Jiko Dogo la Mwilini: Mafuta ya Kahawia, Unene na Kisukari

(Hotuba iliyosomwa Igogwe katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)

Barua ya kamati ilinitaka nizungumze juu ya "afya ya mtu mzima". Haikutaja ni mtu mzima gani, lakini asubuhi ya leo, nilipowatazama wenzangu wa darasa letu wakishuka kwenye magari, nilielewa mara moja. Tulitoka hapa tukiwa wembamba kama fito. Leo mikanda imehama matundu. Zamani kitambi kilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba mtu kazi imemkubali, na aliyerudi kijijini bila kitambi aliulizwa kama mshahara haumfikii. Cheti hicho sasa kinasomwa vingine.

Kwa ruhusa yenu nitaiacha mada hiyo pana na kushika jambo moja tu ndani yake, nalo ni mafuta ya kahawia. Ninayo sababu.

Katika kundi letu la simu ulizunguka ujumbe mrefu. Ulisema kwamba wanasayansi wamegundua mwilini mwa binadamu mafuta ya aina ya pili, ya rangi ya kahawia, ambayo kazi yake ni kuunguza sukari na kuyaunguza mafuta mengine. Kwamba mafuta hayo huamshwa na baridi. Kwamba sisi watu wa Rungwe, tuliozaliwa katika ukungu na mvua, tumejaliwa dawa ya bure. Na kwamba mwenye kisukari aoge maji ya mtoni alfajiri na aachane na vidonge. Mmoja wetu aliufuata. Ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Aliacha vidonge, akawa anaoga maji ya kijito kila alfajiri, na kwa majuma ya mwanzo akajisikia mwepesi kweli. Mwezi wa tatu akaanza kunywa maji kupita kiasi na kuamka usiku mara tano, mara sita. Macho yakaingia ukungu. Mwisho akapelekwa hospitali akiwa hajitambui vizuri. Kipimo cha sukari hakikutoa tarakimu. Kiliandika tu kwamba sukari imezidi uwezo wake wa kuhesabu. Tunamshukuru Mungu kwamba yuko nasi leo.

Ndugu zangu, ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu, mtu aliyesoma kama yule asingenaswa. Karibu kila sentensi ilikuwa na chembe ya kweli ndani yake, isipokuwa ile ya mwisho. Kwa hiyo haitoshi kusema "msiuamini". Yafaa tuitazame kweli yenyewe, tuone inafika wapi na inaishia wapi.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali ambaye chuo kikuu kilimfundisha baiolojia na kemia, kisha ofisi ikamfundisha kusoma majedwali. Mnichukue hivyo.

Mafuta mengi ya mwilini ni meupe, au ya manjano kidogo. Seli moja ya mafuta meupe hubeba tone moja kubwa la mafuta, ikalitunza kama ghala linavyotunza mahindi. Si mabaya kwa asili yake; bila hayo babu zetu wasingevuka miaka ya njaa. Ubaya huanza ghala linapojaa mpaka magunia yakapangwa barazani, yaani mafuta yanapoanza kujipanga kwenye ini, kwenye misuli na kuzunguka matumbo. Hapo insulini, ile homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, hubisha hodi na isifunguliwe. Kongosho hujitahidi kutoa insulini zaidi, miaka kumi, miaka kumi na tano, hatimaye huchoka. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilicho kingi kwa watu wazima.

Mafuta ya kahawia ni kitu kingine kabisa. Seli yake ina vitone vingi vidogo vya mafuta badala ya kimoja kikubwa, na imejaa mitokondria, vile vinu vidogo vinavyounguza chakula ndani ya seli. Mitokondria ina madini ya chuma, na hiyo ndiyo asili ya rangi. Tumeipa jina la kahawa, zao letu wenyewe, ingawa mchinjaji angesema inafanana zaidi na ini lililopauka.

Namna inavyofanya kazi ndilo jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na nawaomba wanafunzi wa sayansi wanisikilize hapa. Katika seli ya kawaida, mitokondria ikiunguza chakula, nguvu inayopatikana hufungwa kwenye kemikali iitwayo ATP, na ATP ndiyo inayokwenda kufanya kazi: kukunja mkono, kudundisha moyo, kufikiri. Joto hutoka kama ziada tu. Katika seli ya mafuta ya kahawia ipo protini ambayo wataalamu huiita UCP1. Protini hiyo hutoboa njia ya mkato, nguvu ikapita bila kutengeneza ATP, yote ikageuka joto. Mmekwisha kuona lori lililosimama mlimani, dereva akaweka gia huru kisha akakanyaga mafuta? Injini yanguruma, dizeli yakwisha, boneti lachemka, na lori halisogei hata hatua moja. Basi mafuta ya kahawia ni lori hilo. Kwa dereva ni hasara. Kwa mwili unaotaka joto ndiyo faida yenyewe.

Kitu hiki si kigeni. Mwaka 1551 Konrad Gessner wa Zurich, Uswisi, alikieleza alipochunguza mnyama mmoja wa milima ya kule, ambaye hulala miezi yote ya baridi. Aliona nyama ya ajabu ambayo haikuwa mafuta wala haikuwa nyama. Kwa zaidi ya miaka mia nne wataalamu walibishana ni nini. Wengine walidhani ni tezi. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo ikathibitika kwamba ni jiko: kazi yake ni kupasha damu joto. Mwaka 1979 Nancy Rothwell na Michael Stock wa London waliwalisha panya vyakula vitamu vya kila namna, wakaona kwamba hawakunenepa kwa kiasi kilichotazamiwa, na mafuta yao ya kahawia yalikuwa yameongezeka. Baadaye walikadiria kwamba gramu 50 tu za mafuta hayo, yakichochewa mpaka mwisho, zingeweza kutumia sehemu moja ya tano ya nguvu yote anayotumia mtu kwa siku. Matumaini ya kutibu unene kwa njia hii yalianzia hapo. Naomba mliweke akilini kadirio hilo, maana nitalirudia.

Kabla sijalirudia, nieleze mahali ambapo mafuta ya kahawia ni suala la kufa na kupona hapa kwetu, nalo halikutajwa katika ujumbe ule hata kwa neno moja.

Mtoto mchanga hatetemeki kama mtu mzima. Anatoka katika tumbo lenye joto la nyuzi 37, ameloa, anaingia katika chumba ambacho Juni au Julai huku milimani alfajiri hukaribia nyuzi 10. Kinachomwokoa ni mafuta ya kahawia, yaliyopangwa katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, kadiri ya asilimia 5 ya uzito wake. Jiko hilo huwaka mara tu anapozaliwa. Lakini lina masharti mawili. Kwanza, mwili hulijenga katika miezi ya mwisho ya mimba, kwa hiyo mtoto njiti huzaliwa jiko lake halijakamilika. Pili, jiko halali njaa: likiwaka sana bila maziwa, sukari ya mtoto hushuka, akalegea, akashindwa kunyonya, na asiponyonya jiko huzidi kupoa. Mama huona mtoto ametulia, kumbe anazima.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza mtoto akaushwe mara moja, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa mtoto njiti upo mtindo wa kangaruu, ulioanzishwa Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, ambao sasa unafundishwa katika hospitali zetu. Kwenye familia zetu bado kuna bibi mwenye haraka ya kumwogesha mjukuu ili "atakate". Wadogo zangu, mtakaporudi likizo na kukuta shangazi amejifungua, mkumbusheni bibi kwa heshima. Mimi nalihesabu hili kuwa na maana kwa Rungwe kuliko yote mengine nitakayosema leo, na mngelichukua hili peke yake nisingelalamika.

Turudi kwa watu wazima. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba mafuta ya kahawia hupotea utoto unapokwisha. Kulikuwa na dalili za kinyume. Mathalani mwaka 1981 watafiti wa Finland walieleza kwamba wafanyakazi wa nje wa kaskazini ya nchi hiyo walikutwa nayo. Lakini uthibitisho ulikuja kwa mlango wa nyuma. Madaktari wanaotafuta saratani humchoma mgonjwa sukari yenye mnururisho hafifu, kisha humpiga picha. Mahali panapokula sukari sana hung'aa. Wakaanza kuona mabaka yanayong'aa shingoni na juu ya mitulinga ya watu ambao hawakuwa na saratani mahali hapo. Waliosubiri katika vyumba vyenye baridi ndio waliong'aa zaidi. Mwaka 2009 vikundi vitatu, vya Boston nchini Marekani, Maastricht nchini Uholanzi na Turku nchini Finland, vilitangaza katika jarida moja kwamba watu wazima wanayo, na inafanya kazi. Kule Maastricht waliwaweka vijana wa kiume 24 katika nyuzi 16, na 23 kati yao jiko lao likawaka. Walioonekana kuwa na jiko hafifu zaidi walikuwa ni wanene.

Nyuzi 16, ndugu zangu. Bweni letu la Juni lilikuwa maabara tosha, na hatukulipwa posho.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo kutoka New York yaliyopatikana kwa kupitia picha za wagonjwa zaidi ya 52,000. Kati ya walioonekana kuwa na mafuta ya kahawia, waliokuwa na kisukari cha aina ya pili ni asilimia 4.6, kati ya wasioonekana nayo ni asilimia 9.5. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini mwanafunzi makini atauliza: je, jiko ndilo lililozuia kisukari, au kisukari na unene ndivyo vilivyozima jiko? Picha haijibu swali hilo. Anayeuza dawa atakujibu kwa niaba yake.

Sasa tulirudie lile kadirio la London. Mwaka 2013 watafiti wa Detroit walipima kwa mashine ni kiasi gani hasa cha nguvu ambacho jiko hili hutumia kwa mtu mzima aliyewekwa kwenye baridi. Walipata kalori 15 hadi 25 kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16 hivi. Basi jiko letu lote, likiwaka, linaunguza kijiko kimoja cha sukari, au kimoja na nusu. Ofisini kwangu chai ya saa nne huletwa na kopo la sukari, na nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakitia vijiko vinne katika kikombe kimoja na kukoroga taratibu huku wakisoma faili. Kikombe hicho kimoja kimeshinda jiko kwa siku mbili na zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaotutangazia kwamba baridi itatukondesha. Hata hivyo si haki kusema kwamba habari imeishia hapo, kwa sababu kisukari si suala la uzito peke yake.

Mwaka 2015 kikundi cha Maastricht kiliwachukua wagonjwa 8 wa kisukari cha aina ya pili, wanene, kikawaweka katika baridi ya nyuzi 14 hadi 15, saa kadhaa kila siku, kwa siku 10. Uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulipanda kwa asilimia 43. Dawa nyingi zingefurahi kufikia hapo. Magazeti yakashangilia mafuta ya kahawia. Lakini watafiti wenyewe walipotazama kwa makini waliona kwamba mafuta ya kahawia ya wagonjwa wale yaliongezeka kidogo mno, hayangeweza kueleza badiliko kubwa namna ile. Sukari ilikuwa imekwenda kwenye misuli. Wakarudia jaribio, na matokeo yakatoka mwaka 2021: safari hii walizuia wagonjwa wasitetemeke hata kidogo, kwa kuongeza joto na nguo. Insulini haikuitikiwa vizuri zaidi. Faida ilikuwa imetoweka pamoja na mtetemeko.

Naomba tusimame hapa, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kutetemeka ni nini? Ni misuli inayojikunja na kujikunjua haraka haraka bila kwenda popote. Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake ya sukari, hata pale insulini inapobisha bila kufunguliwa. Baridi ilikuwa njia ndefu ya kuifanyisha misuli kazi. Na sisi tunazo njia fupi: jembe, shoka, ndoo ya maji kichwani, na vilima hivi ambavyo Mungu hakuacha hata ekari moja iliyo tambarare kwa ajili ya wavivu. Mtu anayepanda kilima kwa miguu kwenda sokoni amewasha jiko kubwa kuliko lile la shingoni, na hakuhitaji kuingia kijitoni alfajiri. Lakini tangu bodaboda zije, vilima tumeviachia pikipiki.

Tanzania ina hesabu zinazoonyesha tunakoelekea. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya nchi yetu: waliokuwa na kisukari hawakufika 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata 9 katika kila 100, na zaidi ya robo walikuwa na uzito uliozidi. Makundi hayo mawili hayakuwa ya rika moja, na mmoja ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo si haki kuzilinganisha senti kwa senti. Hata ukipunguza kwa ajili ya hilo, ongezeko lipo. Na kama baridi peke yake ingekuwa kinga, Wafini na Waingereza wangekuwa wamekwisha kukimaliza kisukari, kumbe ndio wanaojenga kliniki zake kila mji.

Juu ya dawa za kuchochea mafuta ya kahawia nitasema machache, ila moja nitalikazia. Ipo dawa iitwayo mirabegron, inayotumiwa kwa watu wenye kibofu kisichotulia. Mwaka 2015 ilijaribiwa huko Marekani kwa vijana wenye afya, kwa dozi iliyozidi ya kawaida mara nne, na jiko likawaka. Lakini na moyo ukaenda mbio. Utafiti unaendelea, na mimi nautakia heri. Kahawa pia imejaribiwa, Nottingham, Uingereza, mwaka 2019, kwa watu 9 tu: ngozi ya juu ya mitulinga, mahali lilipo jiko, ilipata joto baada ya kikombe kimoja. Wakulima wa kahawa wasikimbilie kupandisha bei kwa ajili ya watu 9. Pilipili nayo ina watetezi wake kule Japani. Kunywa kahawa, kula pilipili, hakuna atakayekukataza, lakini usiviite matibabu.

Linalonitisha ni hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wafanyakazi wa viwanda vya risasi vya Ufaransa waliokuwa wakishika kemikali iitwayo dinitrofeno walionekana wakikonda, wakitoka jasho, wengine wakifa. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba kemikali hiyo hupunguza unene. Ilikuwa kweli. Hufanya hasa kile kinachofanywa na protini ya mafuta ya kahawia, yaani kuweka gia huru, ila haichagui: huweka gia huru mwili mzima, moyo, ini, ubongo, na haina swichi ya kuzimia. Watu wapatao laki moja wa Marekani waliimeza katika muda wa mwaka mmoja hivi. Wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho wakiwa vijana, wengine joto la mwili lilipanda mpaka wakafa, na hakukuwa na dawa ya kuwarudisha. Mwaka 1938 ilipigwa marufuku. Lakini bado huuzwa kwa siri, kwa majina mengine, kupitia simu hizi hizi, na bado inaua. Kwa hiyo mtu akikuletea kidonge kisicho na jina la kiwanda, akakuambia "kinaunguza mafuta ukiwa umelala", mwulize kinaunguzaje. Akikosa jibu mwache. Akijibu kwamba kinaongeza joto la mwili, mkimbie.

Wanafunzi waliniletea maswali matatu kabla ya hotuba, nami niliahidi kuyajibu.

La kwanza: je, kuoga maji ya baridi kuna madhara? Kwa kijana mwenye afya, hapana. Na hapa shuleni sidhani kama mna hiari. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, ndiyo, kwa sababu baridi ya ghafla hubana mishipa na kupandisha shinikizo. Kwa mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi nataka mjue jambo moja zaidi: miguu yake huenda imekufa ganzi. Akitembea kijitoni pekupeku akajikata, hatajua, na kidonda kidogo cha namna hiyo ndicho kinachoishia kwa kukatwa mguu.

La pili: je, mbalaga inanenepesha? Aliyeuliza nadhani ametumwa na mpishi. Ndizi za kupika, maharage na mboga, kwa sahani ya mtu mmoja, ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari na kwa asiye nacho. Kilichoongezeka mezani kwetu si ndizi. Ni soda mchana, chipsi jioni, mkate mweupe asubuhi, na ile sukari ya chai niliyoisema. Maparachichi yetu yanayosafirishwa nje kwa ndege na meli, sisi wenyewe tunayadharau tukanunua siagi ya kopo.

La tatu: mtu akikonda, je, anaweza kuacha vidonge? Inawezekana. Wapo ambao sukari yao imerudi kawaida baada ya kupunguza uzito mwingi, na hilo limethibitishwa kwa utafiti. Lakini aliyewapunguzia dawa alikuwa daktari, kwa kupima, hatua kwa hatua. Na wale wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao mara nyingi ni watoto na vijana wa umri wenu, kongosho lao halitoi insulini kabisa. Wao wakiacha sindano hawafiki mwezi. Kabla ya insulini kupatikana mwaka 1922 hapakuwa na mtoto wa namna hiyo aliyekua. Tafadhali sana, mwenye mwenzake bwenini anayejichoma sindano asimtanie, wala asimpelekee ujumbe wa mitishamba.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, naona kengele imeshikwa. Kwa hisani ya kamati, meza imewekwa chini ya ule mti wa nyuma ya ukumbi. Kuna mizani, kuna utepe wa fundi cherehani, na wauguzi wawili wenye kipimo cha sukari. Ukipimwa kiuno kikazidi nusu ya urefu wako, nunua utepe wako na uendelee kuuangalia nyumbani. Leo tumekwisha kula, kwa hiyo sukari ikisoma 11 au zaidi, usiondoke bila kuandikiwa barua ya kwenda hospitali. Ikiwa 8, 9 au 10, nenda ukapimwe tena asubuhi ya siku nyingine kabla ya kula kitu. Ikifika 7 wakati huo, daktari atataka kurudia kipimo. Wanaotumia vidonge tayari waje navyo mkononi ili wauguzi waone ni vipi. Meza itafungwa saa kumi na nusu, maana wauguzi wana zamu ya jioni. Darasa letu lianze, kwa kuwa ndilo lenye mikanda mirefu.